Chuma au Titani? Fremu ya Kuundiwa kwa Mwendeshaji Mfupi wa Barabara za Vumbi

“Nina urefu wa sentimita 156 na uzito wa kilo 57, na ninaishi Arusha. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiendesha baiskeli ya changarawe (ile ya usukani uliopinda na matairi mapana kwa barabara za vumbi) niliyoinunua ikiwa imetumika. Ni ya alumini, saizi ndogo kabisa ya kampuni iliyoitengeneza, na ina magurudumu ya 700 yenye matairi ya milimita 40. Nikikata kona polepole, ncha ya kiatu hugusa tairi la mbele, na mara mbili nimeanguka kwa sababu hiyo. Baada ya saa mbili kwenye barabara ya vumbi vidole hufa ganzi na shingo hukakamaa. Kaka yangu anayeishi Uingereza amejitolea kunichangia ili niundiwe fremu na fundi wa huko kwa vipimo vyangu. Fundi ameuliza kama nataka chuma au titani. Wenzangu wa kikundi wanasema nichague titani kwa kuwa inameza mtikisiko. Wengine wanasema nisipoteze fedha, ninunue ya kaboni dukani. Nifanye nini, na nitapimwaje nikiwa mbali na fundi?”

Dada, fundi amekuuliza swali ambalo kwa hali yako ningeliweka mwisho. Malalamiko yako ni matatu: kiatu kinachogusa tairi, vidole vinavyokufa ganzi na shingo inayokakamaa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotokana na fremu yako kuwa ya alumini, wala hakuna litakaloondoka kwa sababu tu fremu mpya ni ya titani. Yanatokana na mahali ambapo kiti, pedali, usukani na gurudumu la mbele vimewekwa, na pengine na upepo uliojazwa kwenye matairi. Sisemi haya ili kukukatisha tamaa. Mtu wa sentimita 156 ni miongoni mwa watu wachache ambao fremu ya kuundiwa inawafaa kwa sababu za kweli, kuliko wanaume wengi wa sentimita 178 wanaoagiza fremu kama hizo kwa ajili ya rangi na jina la fundi (nao sina ugomvi nao, fedha ni zao).

Nianze na hilo la titani, maana limeenea sana. Fremu ya baiskeli ni pembetatu mbili zilizounganishwa, na pembetatu ni umbo lisilokubali kwa urahisi kubonyea kutoka juu kwenda chini, liwe la chuma, la titani au la alumini. Gurudumu linapopiga jiwe, fremu hubonyea kwa kiasi kidogo ambacho jicho haliwezi kukiona, nguzo ya kiti hupinda milimita chache, ilhali tairi pana lenye upepo wa kiasi linaweza kubonyea sentimita nzima na zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mtikisiko humezwa na tairi kabla haujafika kwenye fremu. Ni kweli kwamba titani ina ukakamavu wa karibu nusu ya ule wa chuma, na alumini karibu theluthi yake, lakini hizo ni sifa za metali ikiwa kipande kitupu. Metali ikishafanywa bomba, kipenyo ndicho kinachotawala: ukiongeza kipenyo na kuacha unene wa ukuta ulivyo, ukakamavu wa kupinda hukua takriban kwa kipeo cha tatu, hivi kwamba bomba la milimita 31.8 huwa gumu kuliko la milimita 28.6 kwa zaidi ya theluthi moja, ingawa mkononi huwezi kuona tofauti kubwa. Fundi mjuzi anaweza kukuundia fremu ya chuma iliyo laini, na fundi mwingine akakuundia ya titani inayokupiga mgongo.

Hapa ndipo ninapoiona faida ya kwanza ya kuundiwa, nayo haizungumzwi sana. Kampuni inayotengeneza fremu kwa maelfu haijui ni nani atakayenunua saizi ndogo, na haithubutu kuijenga nyepesi mno, kwa kuwa huenda mnunuzi akawa mtu mnene atakayeifunga mizigo ya safari ya wiki mbili. Fundi wako anajua kwamba una kilo 57. Mabomba ya Reynolds ya Birmingham na ya Columbus ya Italia huuzwa kwa vipenyo na unene wa namna nyingi, na anaweza kukuchagulia yale membamba, ambayo hangempa mtu wa kilo 95. Mwambie uzito wako bila kuupunguza wala kuuongeza, na mwambie pia kama utafunga mizigo. Taarifa hizo mbili zitabadilisha hisia ya baiskeli kuliko jina la metali.

Titani ina sifa zake na sitaki kuionea. Haipati kutu, haihitaji rangi, na kwa ujazo uleule uzito wake ni zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa chuma. Ungekuwa unaishi Tanga au Unguja, ambako chumvi ya hewani hula kila kitu, ningeisikiliza hoja hiyo kwa makini zaidi. Arusha, fremu ya chuma iliyopuliziwa mafuta ya kuzuia kutu ndani ya mabomba, na ambayo maji ya mvua hutolewa kwa kuchomoa nguzo ya kiti na kuigeuza kichwa chini baada ya safari za masika, itadumu miaka mingi sana. Tena chuma kina jambo moja zaidi. Kikipasuka, fundi makini anayeunga kwa gesi na shaba anaweza kukirekebisha, ilhali titani haiungwi vizuri bila kuzingirwa na gesi ya agoni ndani na nje ya bomba. Lakini usimpe fremu yako yule anayechomelea mageti kwa umeme: kuta za mabomba haya katikati huwa nyembamba hata chini ya nusu milimita, na atatoboa tundu kabla hujamaliza kumsalimia. Ushauri wangu basi ni chuma, na tofauti ya bei, ambayo si ndogo, ielekee kwenye magurudumu na matairi.

Sasa kiatu. Kinagusa tairi kwa sababu umbali kutoka ekseli ya krenki (mikono inayoshika pedali) hadi ekseli ya gurudumu la mbele, ambao nitauita umbali wa mbele, hautoshi kubeba vitu vitatu kwa pamoja: nusu ya kipenyo cha gurudumu, urefu wa krenki, na sehemu ya kiatu inayotangulia mbele ya pedali. Mwendeshaji wa sentimita 190 na wewe mmepewa gurudumu lilelile la 700. Kampuni ikitaka kuifanya fremu iwe fupi, gurudumu hilo halisogei, kwa hiyo mchoraji hulilaza kidogo bomba la mbele, lile ambamo usukani huzungukia, na kulisimamisha bomba la kiti. Kusimamisha bomba la kiti kutoka nyuzi 73 hadi 75, kwa kimo cha kiti kama chako, husogeza kiti mbele kwa zaidi ya sentimita mbili, na kwenye jedwali la saizi fremu huonekana kuwa fupi kwa kiasi hicho. Kisha mwendeshaji anapanda, anahisi magoti yamesukumwa mbele na mikono inabeba mwili, anarudisha kiti nyuma hadi mahali mapaja yake yanapotaka, na zile sentimita mbili zilizofichwa hurudi zote. Anabaki akiunyooshea usukani mikono, viwiko vimefungwa, kichwa kimeinuliwa ili aone njia. Kiatu chako na shingo yako vina chanzo kimoja.

Nirekebishe pia hofu moja ambayo huenda wenzako wamekutia. Kiatu kugusa tairi si hatari ukiwa kwenye mwendo, kwa sababu kwenye kasi ya kawaida usukani hugeuka nyuzi chache tu, na baiskeli nyingi nzuri za barabarani zina tabia hiyo. Hatari huja kwenye mwendo wa kutembea: unapogeuza baiskeli njiani, unapokwepa dimbwi, unapopanda kona kali yenye mawe. Hizo ndizo shughuli za kila siku za mtu anayeendesha njia za vumbi, na wewe tayari umeanguka mara mbili, kwa hiyo kwako ni sababu ya kutosha ya kutaka fremu nyingine.

Namna ya kuliondoa tatizo ni hesabu ya milimita. Gurudumu la 650b, ambalo rimu yake ina kipenyo cha milimita 584 badala ya 622 za gurudumu la 700, likivishwa tairi la milimita 47, lina nusu kipenyo cha takriban milimita 339, wakati gurudumu lako la sasa lina kama 351. Hapo umepata milimita 12, na juu yake umepata tairi pana zaidi. Krenki nazo, huenda zako ni za milimita 170. Zikiwa za 160 umepata nyingine 10, na nyonga zako zitashukuru kwa kuwa goti halitapanda juu sana kila mzunguko. Fundi akirefusha umbali wa mbele kwa milimita 15, jumla inakaribia sentimita nne, na kiatu hakitagusa tena hata ukivaa viatu vizito vya safari.

Hiyo milimita 15 anaipata kwa kulilaza bomba la mbele hadi nyuzi 70 hivi na kwa kuongeza mpindo wa uma, yaani miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Akilaza tu bila kuongeza mpindo, treili hukua. Treili ni umbali kati ya mahali tairi linapogusa ardhi na mahali mstari wa mhimili wa usukani ungegusa ardhi kama ungeendelezwa mbele yake. Ikiwa kubwa, baiskeli hutulia kwenye mteremko lakini huwa nzito kugeuza ukiwa polepole, na usukani huangukia upande kwenye miinuko. Kwa gurudumu nililolitaja, nyuzi 70 na mpindo wa milimita 55 hutoa treili ya takriban milimita 65, ambayo ni ya kati na inayofaa. Uma za kaboni za dukani huja na mipindo michache iliyokwisha kupangwa, kwa hiyo mwulize fundi kama atakuundia na uma wa chuma. Utaongeza nusu kilo hivi, na kwa maoni yangu inastahili.

Kabla ya kuafiki lolote, jibu swali moja: ni vidole gani vinavyokufa ganzi? Kikiwa kidole cha mwisho na kinachokifuata, neva ya upande wa nje wa kiganja inabanwa kwa kuegemea usukani, jambo la kawaida sana kwa waendesha baiskeli. Vikiwa dole gumba, cha shahada na cha kati, neva ya katikati ya kifundo inabanwa, mara nyingi kwa mkono kukunjwa kwenda nyuma kwa sababu vishikio vya breki vimeelekezwa juu au chini mno. La kwanza huhitaji kupunguza uzito unaoangukia mikono, la pili huhitaji kurekebisha pembe, na yote mawili hayangoji fremu mpya. Ganzi ikiisha dakika chache baada ya kushuka, jaribu marekebisho haya. Ikibaki hadi kesho yake, au ukiona vitu vinakuponyoka mkononi, au maumivu ya shingo yakishuka hadi kwenye mkono, acha baiskeli na umwone daktari, iwe hospitali ya Mount Meru hapo Arusha au ya KCMC Moshi, kwa sababu hilo si jambo la kutatuliwa na mtu anayepima fremu.

Kuhusu kupimwa kwa mbali, watu hudhani kwamba kazi ni kutuma urefu wa miguu, kiwiliwili na mikono, kisha fundi apige hesabu. Vipimo vya mwili humpa fundi makadirio. Kinachompa uhakika ni mkao ambao umekwisha kuujaribu na ukaridhika nao, na chombo cha kuutafuta unacho tayari: hiyo hiyo baiskeli yako. Nunua shingo fupi ya usukani (kipande kinachouunganisha usukani na uma), ya milimita 50 au 60, yenye mwinuko kidogo. Kama usukani una upana wa sentimita 42, kama zilivyo baiskeli nyingi zilizotumika, tafuta wa 38 au hata 36. Kaza ile skrubu ndogo ya kwenye vishikio vya breki inayovisogeza karibu na usukani, ili kidole chako kivute breki bila kunyooka chote; nimeona wanawake wengi waliovumilia breki za mbali kwa miaka bila kujua kwamba skrubu hiyo ipo. Kisha punguza upepo. Kikundi chako, nikikisia, hujaza psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 50 au 60 kwa sababu ndivyo walivyofundishwa na wenye baiskeli za lami. Kwa kilo 57 na tairi la milimita 40 lenye tyubu, anza na 35 nyuma na 32 mbele. Usishuke sana chini ya hapo ukiwa na tyubu, maana itabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili.

Endesha hivyo kwa wiki kadhaa, ukibadilisha jambo moja kwa wakati na kuliandika. Pale utakapomaliza saa tatu bila ganzi, funga kazi na upime: kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya kiti, kiti kiko nyuma ya ekseli hiyo kwa kiasi gani, ukitumia uzi wenye kitu kizito mwishoni, kutoka ncha ya kiti hadi katikati ya usukani, na usukani uko chini au juu ya kiti kwa kiasi gani. Mtu akupige video ya ubavuni ukiwa umeendesha dakika kumi na kuendelea, si ile ya kupanda na kupozi. Nambari hizo nne na video hiyo zina thamani kuliko ukurasa mzima wa vipimo vya viungo. Mafundi wazuri wa Uingereza huwa na foleni ya miezi mingi, na wengine hupokea amana ndogo ya kushika nafasi. Lipa hiyo sasa, na miezi ya kungoja uitumie kwa majaribio haya.

Atakapokutumia mchoro, usitazame rangi. Angalia umbali wa mbele, treili, urefu wa krenki aliouchukulia, na kimo cha bomba la juu ili uweze kusimama ukiwa umelipita bila kuumia. Mwulize kwa maandishi nafasi itakayobaki kati ya kiatu chako na tairi, ukimpa urefu wa kiatu unachovaa. Fundi anayeudhika kwa swali hilo anakusaidia kujua kwamba si fundi wako.

Hoja ya wale wanaosema ununue dukani si ya kupuuzwa. Fremu ya chuma ya kuundiwa Uingereza mara nyingi huanzia karibu na pauni 2,000 bila magurudumu wala gia, huwezi kuijaribu kabla ya kuilipia, na siku ukitaka kuiuza utapata sehemu ndogo ya gharama kwa sababu imetengenezwa kwa mwili wako. Zipo kampuni zinazotumia magurudumu ya 650b kwenye saizi zao ndogo, na ukipata moja ambayo umbali wake wa mbele na mkao wake vinakubaliana na nambari ulizozipata, inunue bila aibu, iwe ya kaboni au alumini. Ndiyo sababu nyingine ya kufanya majaribio kwanza: ukiwa na nambari, hata duka linaweza kukujibu. Ninachoshuku ni kwamba utapekua majedwali mengi na kukuta saizi ndogo ambazo ni fremu ya kati iliyokatwa juu. Baiskeli za changarawe zilipata jina kupitia mashindano marefu kama yale ya Emporia, Kansas, yaliyoanza mwaka 2006, na bado wachoraji wengi wanaonekana kumwazia mwendeshaji wa kimo cha wastani cha wanaume wa huko.

Ukiamua kuundiwa, fremu hiyo ichorwe kwa ajili ya mahali itakapoishi. Hapa nina msimamo mkali kidogo. Beringi za krenki ziwe za kukaza kwa hesi, za kawaida za milimita 68, si za kushindiliwa. Zitang’oka na kurudi kwa zana ambazo fundi wa Arusha anazo au anaweza kuzinunua. Waya za gia na breki zipite nje ya mabomba. Nguzo ya kiti iwe ya milimita 27.2, ambayo hupinda zaidi kuliko zile nene na kukupunguzia mapigo. Kipande kinachoshikilia kihamisha gia cha nyuma kiwe cha aina inayouzwa kila mahali, nawe uagize viwili vya akiba, kwa kuwa hicho ndicho kinachopinda baiskeli ikianguka au ikibebwa vibaya juu ya basi. Nafasi ya matairi usiibane: omba milimita sita au zaidi kila upande wa tairi la 47. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hushika tairi, hujaa kwenye uma, na gurudumu hukataa kuzunguka. Hakuna metali inayosaidia hapo, ila nafasi.

Matairi ya 584 yana faida moja iliyojificha, nayo ni kwamba baiskeli za milimani zinazoandikwa inchi 27.5 hutumia rimu ya kipimo hichohicho, kwa hiyo siku tairi lako likichanika, duka linaloshughulika na baiskeli za milimani linaweza kukuokoa, mradi nafasi ya fremu inatosha. Usidanganywe na nambari kubwa za tairi za inchi 28 za baiskeli za mizigo: rimu zake ni za milimita 635 na haziingiliani na 622 wala 584.

Gia ziwe nyepesi kuliko unavyodhani unahitaji. Krenki yenye meno 46 na 30, pamoja na nyuma yenye hadi meno 34, itakuwezesha kuzungusha miguu mara 60 kwa dakika ukienda kama kilomita 6.8 kwa saa, na kwenye mpando wa kwenda Monduli Juu utakuwa bado umekaa kitini. Breki za diski za mafuta ni nzuri kwa mikono midogo kwa sababu hazihitaji nguvu nyingi. Ila fahamu kwamba baadhi hutumia mafuta ya madini na baadhi hutumia DOT, ile inayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari, na ukichanganya utaharibu mpira wa ndani. Bandika karatasi kwenye fremu ikitaja aina, kwa manufaa ya fundi yeyote. Gia za umeme ningeziacha, si kwa ubaya wake, bali kwa kuwa waya wa akiba unakaa mfukoni.

Ikifika, usiihukumu wikendi ya kwanza. Mwili uliozoea kunyoosha mikono kwa miaka mitatu utaona mkao mpya ni wa ajabu, na misuli ya mgongo italalamika kwa muda. Vaa matairi yasiyo na tyubu, yenye maji ya kuziba pancha ndani yake, kwa kuwa mbigili na miiba ya migunga haina huruma na tyubu. Kwa joto na ukavu wetu maji hayo hukauka, yaongeze kila baada ya miezi miwili au mitatu. Anza na psi 28 nyuma na 26 mbele, ushuke mbili mbili hadi utakaposikia rimu ikigonga jiwe, kisha urudi juu kidogo. Utafahamu kwamba umefika pale barabara yenye mikunjo kama bati inapoacha kukugonganisha meno. Vumbi letu la volkano ni laini na hula mnyororo, hivyo ufute kwa kitambaa kila baada ya safari na upake mafuta kidogo, usiulowanishe; mafuta mengi huligeuza vumbi kuwa msasa.

Kufurahia baiskeli ya aina hii ni kuipeleka mahali ambapo ile ya zamani ilikuchosha. Nenda njia za mashambani nyuma ya Ngaramtoni asubuhi na mapema, na baadaye zile za vumbi za magharibi mwa Kilimanjaro, ambako mteremko mrefu utakuonyesha kama treili ile ilichaguliwa vizuri. Ukipata hamu ya mashindano, Migration Gravel Race imekuwa ikifanyika Maasai Mara tangu 2021, siku nne, kilomita zinazokaribia 650, lakini usiagize fremu kwa ajili ya tukio moja la mwaka. Iagize kwa ajili ya Jumamosi zako.

Kama majaribio niliyoyaeleza hayataondoa ganzi wala kukupa nambari unazoziamini, usilipe zaidi ya ile amana. Tafuta mpimaji wa mkao wa kukutana naye ana kwa ana, hata ikibidi kusafiri hadi Nairobi, maana nauli hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na fremu iliyokosewa. Na baiskeli ya alumini usiiuze hadi mpya imemaliza masika moja nawe bila kasoro. Ukiiuza, irudishie shingo yake ndefu na umtafute mnunuzi wa sentimita 165 hivi, kwa sababu huyo ndiye aliyechorewa.